Egemeo la Patasi

Mimi ni ofisa wa elimu ya watu wazima. Kazi yangu ni kuzunguka vijijini, kuyatembelea madarasa ya kisomo na kuona kama wanakisomo wanaendelea. Nina cheti, sina shahada. Katika mafunzo yangu nilifundishwa namna ya kuwafundisha watu wazima kusoma, kuandika na kuhesabu. Sikufundishwa kukereza mti. Haya ninayoyaeleza niliyajifunza kijijini, na mtu mwingine ndiye aliyeumia ili mimi nijifunze.

Kijiji chenyewe kiko wilayani Korogwe, katika nchi ya mkonge. Mkonge uliletwa mkoani Tanga mwaka 1893, na kwa miaka mingi ulikuwa mali kubwa. Baadaye zikaja kamba za plastiki, bei ya mkonge ikaanguka, na mashamba mengi yakafungwa. Shamba la kijiji hicho nalo lilifungwa, lakini karakana yake haikubomolewa. Ndani yake mlibaki mashine moja ya kukereza chuma, ya zamani sana na nzito mno. Zamani ilitumika kutengeneza vyuma vya korona, ile mashine inayoponda majani ya mkonge na kutoa nyuzi. Sasa karakana hiyo amepanga fundi mmoja wa mitambo. Yeye hutengeneza bushi za pampu na vyuma vya mashine za kusaga unga.

Darasa letu lilikuwa na watu 14, wanawake 9 na wanaume 5. Wote walikwisha kujua kusoma na sasa walitaka mradi. Akina mama wanaouza chapati barabarani walisema kwamba vifimbo vya kusukumia chapati wanavinunua mjini kwa bei kubwa. Mama mmoja akauliza, "Miti tunayo. Mashine tunaiona kila siku. Kwa nini tusikereze wenyewe?" Swali lake lilikuwa zuri. Tukamwendea fundi, naye akatukubalia kila Jumamosi alasiri. Alitoa sharti moja tu, kwamba mashine yake irudi safi kama alivyotupa.

Nieleze kwanza mashine yenyewe, kwa maana asiyeijua hatalielewa kosa letu. Upande wa kushoto ina kichwa chenye taya tatu. Taya hizo hushika kitu kinachokerezwa, na umeme hukizungusha. Upande wa kulia kuna mkia, wenye ncha inayoshikilia mwisho wa pili wa kitu hicho. Kati ya kichwa na mkia kuna kigari. Kigari hutembea juu ya reli mbili zilizonyooka sana. Juu ya kigari pana nguzo fupi ambayo hubana kisu kidogo kigumu. Fundi wa chuma hashiki kisu kwa mkono. Yeye huzungusha vishikio vya kigari, na kisu husogea kidogo kidogo kama unene wa unywele. Chuma ni kigumu, mkono mtupu hauwezi kushindana nacho.

Kukereza mti ni kazi nyingine. Mkereza mti hushika patasi ndefu kwa mikono yote miwili. Huinua mpini, huushusha, huugeuza kidogo, akifuata umbo analolitaka. Lakini patasi haiwezi kuelea hewani. Sharti ilale juu ya kitu kigumu kilicho karibu kabisa na mti. Kitu hicho ndicho ninachokiita egemeo. Mashine zilizoundwa kwa ajili ya mti huja nalo tangu kiwandani. Mashine ya chuma haina, kwa sababu nguzo yake hushika kisu badala ya mkono wa mtu.

Jumamosi ya kwanza fundi alikereza kipande cha mwembe kwa kisu chake cha chuma. Mti ulitoka mviringo, lakini uso wake ulikuwa kama umetafunwa na panya. Tena ulikuwa umenyooka tu kama bomba, hauna kiuno wala shingo ya kushikia. Akina mama waliugeuzageuza mikononi wakacheka.

Jumamosi ya pili nikasema, "Tulaze ubao juu ya kigari, patasi iegemee hapo." Ni mimi niliyesema hivyo. Tukauondoa ule mnara wa kisu, tukalaza kipande cha ubao mgumu na kukifunga kwa waya. Tukachukua patasi ya kawaida ya seremala, yenye mpini mfupi. Fundi alitikisa kichwa, lakini aliniheshimu kwa kuwa mimi ni mwalimu, akawasha.

Yule mama aliyeuliza swali ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika patasi. Kwa muda wa dakika kumi kazi ilikwenda vizuri. Maranda yaliruka, watu wakapiga vigelegele. Mti ulianza ukiwa mraba, ukawa mviringo, kisha ukaendelea kupungua unene. Ubao wetu ulikaa pale pale. Hakuna aliyeitazama nafasi iliyokuwa ikiongezeka kati ya ubao na mti, hadi ikawa kidole gumba kingeweza kupita. Ghafla ncha ya patasi ikatumbukia katika nafasi hiyo. Mti ukaivuta chini, mpini ukaruka juu, ubao ukapinduka. Fundi alizima mashine mara moja, lakini patasi ilikwisha kumchana yule mama kiganja cha mkono wa kushoto.

Tulimpeleka zahanati kwa pikipiki. Alishonwa nyuzi nne.

Kesho yake nilikwenda nyumbani kwake. Mume wake alikuwa barazani. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitikia "Marahaba" bila kuniangalia. Kisha akasema, "Mwalimu, mke wangu alikuja kwenu kujifunza kusoma. Mmemrudisha na mkono huu. Sasa nani atakanda unga?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia kwamba kosa lilikuwa langu. Mama mwenyewe alikaa mlangoni, mkono umefungwa bendeji, hakusema neno. Kwa wiki tatu hakukanda unga. Jirani yake alimsaidia kidogo, lakini biashara ya chapati ni ya kila siku, na mteja akikukosa leo na kesho huhamia meza ya pili. Nilizihesabu fedha alizozikosa kichwani mwangu kila usiku. Nilimpelekea kiasi kidogo, akakipokea. Lakini darasani hakuja.

Jumamosi iliyofuata walikuja watu watano tu. Nilitaka kuwaambia kwamba mradi umekwisha, turudi kwenye vitabu. Aliyenizuia ni mzee mmoja seremala, mwenye umri wa zaidi ya miaka 70. Mzee huyo alijifunza kusoma alipokuwa kijana, katika kampeni ya kisomo ya miaka ya 1970. Mwaka 1970 wenyewe ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Anapenda kusema kwamba yeye ni mwanakisomo wa zamani kuliko ofisa wake, na ni kweli. Siku zote alikuwa akikaa benchi ya nyuma. Mashine hakuigusa.

Siku hiyo alisimama akatueleza habari za kerezo la babu yake. Kerezo hilo halikuwa na umeme. Mti ulishikwa katikati ya vigingi viwili, kamba ya uta ikazungushwa juu yake. Mkono mmoja wa fundi ulivuta uta mbele na nyuma, mkono wa pili ukashika patasi, na kidole cha mguu kikaisaidia isihame. Mti ulikwenda mbele ukarudi nyuma, na patasi ilikula upande mmoja tu wa mwendo huo. Hivyo ndivyo mafundi wa pwani walivyokereza matendegu ya vitanda.

Nikamwuliza, "Babu, patasi ilikuwa inaegemea wapi?"

Akasema, "Palikuwa na mti mmoja mbele ya kerezo, umechimbiwa chini, hautikisiki. Na babu alikuwa akitupiga kofi tukisahau. Patasi ilale kwanza, ndipo ile. Nyinyi mliilisha kabla hamjailaza. Na pa kulala penyewe palikuwa panatikisika."

Fundi wa mitambo akaitikia. Akasema kwamba kwake kitu kinachotikisika hakiitwi chombo. Nikawaona watu wawili ambao hawakuwahi kuzungumza, mmoja wa mti na mmoja wa chuma, wamejikunyata juu ya kigari wakipima kwa vidole. Mimi nikatoa daftari nikaanza kuchora. Hapo ndipo cheti changu kilipopata kazi.

Vyuma tulivipata katika takataka za karakana. Cha kwanza kilikuwa bamba nene la milimita 16. Fundi alilitoboa tundu katikati, ili liingie katika bolti ile ile inayoshika nguzo ya visu. Kwa hiyo tuliiondoa nguzo, tukaweka bamba mahali pake, tukakaza kwa spana. Halikutikisika hata mzee alipolipiga kwa nyundo.

Egemeo la kwanza tulilichomelea moja kwa moja juu ya bamba hilo. Nilipima kutoka kwenye bamba hadi kimo cha ncha ya mkia, kwa maana ncha hiyo ndiyo inayoonyesha katikati ya mti. Nikaandika kipimo, fundi akakata chuma, akachomelea. Tulipoweka patasi, ikawa inasugua tu juu ya mti bila kula. Mtu akiinua mpini ili ile, iliuma kwa ghafla. Nilikuwa nimesahau kwamba patasi yenyewe ina unene. Egemeo likiwa sawa na katikati, ncha ya patasi inakuwa juu mno. Ilibidi fundi akate kazi yake yote kwa msumeno. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mwalimu, safari hii tutengeneze linalopanda na kushuka, maana patasi si zote sawa na wewe hutakuwapo kila siku."

Basi tulichukua kipande cha bomba jeusi la inchi moja, tukakichomelea wima juu ya bamba. Msitumie bomba la maji lililopakwa zinki kabla ya kuiondoa zinki hiyo. Likichomelewa hutoa moshi mweupe, na anayeuvuta hupata homa na kutetemeka kama mwenye malaria. Ubavuni mwa bomba tulitoboa tundu, tukachomelea nati juu yake, na katika nati tukaingiza bolti yenye kishikio. Ndani ya bomba tuliingiza nondo laini ya milimita 25. Inacheza kidogo humo, lakini bolti ikikazwa hutulia kabisa. Juu ya nondo tulichomelea kipande cha chuma pembe chenye urefu wa milimita 250, kimelala kwa mwinamo, upande mmoja ukielekea mti. Na kwenye ukingo wa juu wa chuma pembe tulichomelea fimbo ya chuma ya mviringo, nene kama kidole kidogo. Patasi hulala juu ya fimbo hiyo.

Kulainisha fimbo hiyo kwa tupa na msasa kulichukua muda mrefu kuliko kuchomelea. Vijana walichoka wakasema inatosha. Mzee akawapa patasi, akawaambia waitelezeshe kutoka upande mmoja hadi wa pili huku wamefumba macho. Kila mahali palipokuwa na kovu dogo, patasi ilikwama. Wakaelewa kwamba kovu la egemeo huhamia kwenye mti. Wakarudi kwenye tupa wenyewe.

Mzee pia alikataa ile patasi fupi. Alichonga mpini mpya wa mninga, urefu wa milimita 400. Mpini mrefu humpa mtu nguvu ya kuizuia patasi inapovutwa. Alituonya tena tusianze na mpingo. Mpingo ni mgumu mno, hula makali ya patasi, na mwanafunzi atakata tamaa. Tukaendelea na mwembe.

Kabla ya kuwasha tena, nilifanya somo la hesabu ubaoni. Nililifanya kwa ajili yangu kuliko kwa ajili yao. Tulichukua mti wa mraba wenye upana wa milimita 50. Ukiupima kutoka kona hadi kona, unapata karibu 71. Nusu yake ni 35 na nusu. Hapo ndipo kona zinapopita mti unapozunguka. Ukiukereza hadi unene wa 40, nusu yake ni 20. Toa 20 katika 35 na nusu. Inabaki 15 na nusu. Maana yake, hata kama uliweka egemeo karibu kwa milimita 5, ukilisahau pale pale, mwisho nafasi itakuwa zaidi ya 20. Wanakisomo waliitazama namba hiyo wakanyamaza. Kila mmoja aliweka kidole gumba chake kwenye rula. Kwa wengi kilikuwa kati ya 19 na 22.

Tukaandika ukutani kwa chokaa, kwa herufi kubwa: ZIMA. PIMA. SOGEZA. 5. Egemeo halisogezwi mashine ikiwa inazunguka, hata kama ni kwa unywele mmoja. Likisogezwa, kigari hufungwa kwa bolti yake kisitembee. Kisha mti huzungushwa kwa mkono mzunguko mzima, ili ionekane kwamba haugusi egemeo na kwamba taya za kichwa hazigusi pia. Taya hizo ndizo ninazoziogopa zaidi. Zikizunguka hazionekani, zinakuwa kama kivuli. Kwa hiyo upande wa kushoto tunakomea mbali na taya kwa upana wa vidole vinne, na kipande kinachobaki hukatwa kwa msumeno.

Habari ya nguo ilileta ubishi. Niliwaambia akina mama kwamba kanga haikaribii mashine, wala mtandio unaoning'inia. Wengine waliona haya kuvaa suruali. Tulikubaliana kwamba kanga ifungwe kiunoni chini ya koti la kazi lililofungwa vifungo, na kilemba kifungwe nyuma na kuchomekwa. Wanaume wenye mikono mipana ya kanzu nao walikunjishwa. Macho yalivishwa miwani ya fundi, moja tu tuliyokuwa nayo, ikizunguka kwa zamu. Puani tulifunga kitambaa, kwa kuwa vumbi la mti huwasha kifua.

Mashine hiyo ni ya taratibu. Kasi yake kubwa ingekuwa ndogo kwa mashine ya mti. Dawa yake ni makali. Patasi ikinolewa vizuri na kusukumwa polepole, hata mashine ya taratibu hutoa uso laini. Ncha ya mkia nayo inatakiwa kupakwa grisi, la sivyo huunguza mti mpaka moshi ukatoka.

Sharti la fundi tulilitimiza. Maranda na vumbi la mti hunyonya mafuta yote ya reli, halafu huvuta unyevu, na asubuhi utakuta kutu. Tulifunika reli kwa karatasi za mifuko ya saruji, na kila tulipomaliza tulifagia kwa brashi na kupaka mafuta upya. Fundi alipita na kitambaa cheupe kukagua. Mara mbili alitukatalia kuondoka.

Watu wakaanza kurudi, mmoja mmoja. Wiki ya tatu walikuwa wanane. Wiki ya tano walikuwa kumi na wawili, na vifimbo tisa vilikuwa vimekwisha, vyenye shingo nzuri pande zote mbili. Nilichagua kimoja nikakipeleka nyumbani kwa yule mama. Mume wake alikipokea, akakiviringisha juu ya kiganja chake, akauliza nani amekereza. Nikamwambia ni jirani yake wa pili. Akauliza, "Na kile kitu cha kuegemea, mmekifanya cha nini?" Nikamweleza bamba, bomba na bolti. Alisikiliza hadi mwisho. Hakusema kama atamruhusu mkewe.

Jumamosi ya sita mama alikuja. Kovu lilikuwa bado jekundu. Alitusalimu, akakaa benchi ya nyuma karibu na mzee. Sikumwambia ashike patasi, wala hakuomba. Kijana mmoja alikuwa akikereza mpini wa tupa, na mimi nilisimama karibu naye nikitazama maranda yanavyoruka.

Mama akasimama ghafla. "Zimeni," akasema.

Kijana akazima. Tukangoja hadi taya ziliposimama kabisa. Mama akaja mbele, akatoa rula ndogo ya mwanawe wa shule kwenye pindo la kanga, akaiweka kati ya egemeo na mti. Aliinama akasoma kwa makini, akiifuata mistari kwa ukucha.

"Mwalimu, hapa ni 11," akasema. "Ukutani mmeandika 5."

Kijana akalegeza kigari, akakisogeza, akakaza. Mama akauzungusha mti kwa mkono wake wa kushoto, mzunguko mmoja. Akapima tena.

"4," akasema. "Washeni."